Shoka la Mpini wa Faiba: Siku Mbili za Kupasua Kuni Turiani

Pigo la kwanza tu nikajua. Gogo la mjohoro lilikuwa limesimama uani kwa mjomba, kavu, zito, lina kifundo ubavuni. Shoka lilipotua halikunirudishia ule mtetemo unaopanda viganjani, ukapita viwiko, ukaishia kwenye meno. Lilitua, gogo likalia twaa, mapande mawili yakaanguka huku na huku, na mpini ukatulia mikononi mwangu kama vile hakuna kilichotokea. Nikageuka kumtazama mjomba. Naye alikuwa ananitazama mimi.

"Hebu tena," akasema.

Nikapiga tena. Na tena. Ilipofika saa nne asubuhi nilikuwa nimeloa jasho chapachapa na bado sikutaka kuliweka chini.

Nazungumzia shoka la kupasulia lenye kichwa cha kilo mbili na mpini wa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa ndani ya resini. Madukani si kitu kigeni. Mashoka haya yananing'inia ukutani karibu na nyundo na makoleo, na wengi wetu tunayapita tukidhani ni plastiki tu ya rangi. Mimi mwenyewe nimeyapita miaka mingi. Safari hii nilinunua moja Morogoro mjini, kwa bei kama mara tatu ya shoka la mpini wa mti, nikalibeba hadi Turiani likiwa bado na karatasi yake. Nia ilikuwa moja: kulikabidhi magogo ya mjomba kwa siku mbili mfululizo nione litachanika wapi.

Na Turiani ndiko mahali pa kulijaribu. Ukiacha barabara ya Dodoma maeneo ya Dumila ukaelekea kaskazini, milima ya Nguru inazidi kukua mbele yako, na ukikaribia Mtibwa miwa inakufunika pande zote. Huku kazi ya mkono ndiyo kazi. Panga liko kwenye miwa, jembe liko kwenye mpunga, shoka liko kwenye kuni, na kila nyumba ina kona ya mipini iliyokufa. Kwa mjomba nilikuta mitano imeegemezwa nyuma ya jiko, inasubiri kuwa kuni yenyewe. Niliilaza chini kwenye mstari nikaichuchumalia.

Mmoja tu ndio ulikuwa umekatika kwa kukatizwa. Minne ilikuwa imechanika kwa urefu. Ufa umeanzia shingoni, pale mpini unapoingia kwenye kichwa, ukashuka kwa kufuata nyuzi za mti, tena karibu katikati kabisa ya unene wake, kama mtu aliyepiga mstari kwa rula. Niliingiza ukucha kwenye ufa mmoja, nikautelezesha hadi mwisho wake, karibu shibiri mbili. Ndani yake mlikuwa mkavu na laini. Nyuzi hazikuwa zimekatika. Zilikuwa zimeachana.

Hapo ndipo penye utamu wote wa shoka hili, na ndiyo maana naandika nikiwa na malengelenge mawili kiganjani.

Mti ni nyuzi zilizoshikwa pamoja na gundi yake ya asili. Muwa nao vilevile. Ndiyo sababu muwa tunaumenya kwa meno wala hatuukati kwa meno: ukivuta kwa kufuata nyuzi, ganda linatoka utepe mrefu bila taabu, ukitaka kukata nyuzi zenyewe, utaacha jino. Na ule utepe unaenda mpaka wapi? Mpaka kwenye kifundo. Pale nyuzi zimepindana na kupishana, utepe unagoma, unakwama, inabidi uanze upya pingili inayofuata. Mtoto yeyote wa Mtibwa analijua hili kabla hajajua kusoma. Wahandisi wa ndege wamelihangaikia kwa zaidi ya nusu karne.

Faiba inarithi tabia ileile, tena kwa ukali zaidi. Uzi mmoja wa kioo una unene wa maikromita 10 hadi 20 hivi. Unywele wa binadamu ni kama 70. Kioo kikivutwa kuwa uzi mwembamba namna hiyo, akili yake inabadilika kabisa. Kioo cha dirisha kinavunjika kwa jiwe la mtoto, lakini uzi wake mpya unastahimili mvuto kuliko chuma cha kawaida cha ujenzi mara kadhaa. Kwenye mpini kama wangu nyuzi hizo ni maelfu kwa maelfu. Zinavutwa kutoka kwenye magurudumu yake, zinapitishwa kwenye beseni la resini mpaka zilowe, kisha zinaingizwa kwenye kalibu yenye joto na kutokea upande wa pili zikiwa fimbo ngumu isiyo na mwisho, inayokatwa kwa urefu unaotakiwa. Ukitazama kitako cha mpini, pale mpira unapoishia, unaona ule mkato: umejaa vidoa vidogo vinavyong'aa kama unga wa chumvi. Kila kidoa ni shungi la nyuzi linalokutazama kwa ncha.

Sasa vuta fimbo hiyo kwa kufuata nyuzi: inakudai nguvu za kutisha. Ivute kwa kukatiza, uzitenge nyuzi na nyuzi: hapo hakuna kioo cha kukuzuia, kuna resini peke yake, na nguvu inayohitajika inashuka mara ishirini na zaidi. Vitu vinavyotengenezwa kwa kulaza kitambaa cha faiba juu ya kitambaa, kama boti, matangi na mabawa ya ndege, vina udhaifu huohuo kati ya tabaka na tabaka. Tabaka likiachana na mwenzake, mafundi wa boti husema limebanduka. Neno zuri sana, kwa sababu ndivyo linavyofanya, kama ganda la kidonda.

Shangazi alikuwa anasukuma chapati wakati mimi namweleza mjomba haya, nikamwomba anisubiri kidogo. Chapati yetu ya tabaka inatokana na nini? Mafuta. Unasukuma, unapaka mafuta, unakunja, unasukuma tena. Palipopakwa mafuta unga hauungani na unga, na ikiiva unaichambua kwa vidole karatasi kwa karatasi. Palipokosa mafuta imeshikana, haichambuki. Shangazi akasema ndiyo maana yeye hapaki kingoni, ili isifunguke yenyewe kwenye kikaango. Nilitaka kumkumbatia! Kiwanda kinachotengeneza bawa la ndege kinafanya kazi kwa hofu hiyohiyo: fundi anavaa glavu, chumba kinachujwa vumbi, kwa sababu doa la mafuta la kidole kimoja kati ya tabaka mbili ni mwanzo wa chapati.

Lakini kushika ukiwa umetulia ni jambo moja, na kushika ukipigwa ni jambo jingine. Hapa niliomba daftari la shule la binamu yangu mdogo. Likunje kama unataka kuligusanisha kichwa na miguu, halafu tazama ukingo wake: kurasa zimetelezeana, zimefanya ngazi. Mpini wa shoka ukipinda wakati wa pigo, nyuzi zake nazo zinataka kutelezeana hivyo, na hamu hiyo ya kuteleza ni kubwa zaidi katikati ya unene. Ndiyo sababu mipini minne ya mjomba ilichanika katikati kama iliyopigwa rula. Daftari limeruhusiwa kuteleza. Mpini haujaruhusiwa, gundi inabeba ugomvi wote.

Tena inaubeba kwa haraka ya ajabu. Pigo la shoka linaisha ndani ya milisekunde chache. Mshtuko wake unasafiri ndani ya nyuzi za kioo kwa zaidi ya kilomita 4 kwa sekunde, maana yake ndani ya pigo moja unashuka hadi mikononi, unagota kitako, unarudi kichwani, unashuka tena. Ulioenda ukisukuma unarudi ukivuta, na mvuto huo ukipita kwa kukatiza nyuzi, unazipanua. Na gundi yenyewe inabadilika tabia kwa kasi. Chukua ulimbo wa fenesi kati ya vidole viwili: ukiuvuta polepole unarefuka kama uzi, unang'ang'ana, unakera, ukiuvuta kwa ghafla unakatika puu. Resini nyingi ziko hivyohivyo. Zikipewa muda zinanyumbulika, zikishtukizwa zinakuwa kama kigae. Kwa hiyo mpini unaobeba mzigo wa kilo mia kwa utulivu siku nzima unaweza kuchanika kwa pigo moja la kipuuzi ukingoni mwa gogo.

Saa tano tukaanza kulitesa kwa makusudi. Pigo linaloua mipini ni lile la kukosea: unalenga katikati ya gogo, kichwa kinapita mbele, na shingo ya mpini ndiyo inayotua kwenye ukingo. Nilikosea mara kumi kwa hiari yangu. Mikono ilikataa, maana ukifanya hivyo na mpini wa mkole baba yako anakusikia akiwa shambani. Mara ya saba niliusikia mshindo tofauti kidogo, mfupi, mkavu. Tukasimama.

Nikatoa sarafu ya shilingi mia mbili.

Naomba kila mwenye kitu cha faiba ajifunze hili leo. Unashika sarafu kwa ukingo wake, unagonga taratibu ukisogea sentimita kwa sentimita, na unasikiliza. Palipo pazima panalia kikavu, tik, tik, tik. Palipobanduka ndani panalia pwa, kama debe lenye kitambaa. Mafundi wa ndege wanafanya hivyo mpaka leo, wakiwa na mashine za mawimbi ya sauti pembeni, kwa sababu ubaya wa faiba na wa nyuzi za kaboni ni kwamba nje inaweza kubaki safi kabisa huku ndani tabaka zimeachana. Spana ikimponyoka fundi na kuangukia bawa, rangi haina hata mkwaruzo, kumbe chini yake kuna mbanduko wenye upana wa sahani. Mama zetu wanaonunua chungu sokoni wanakigonga kwa kifundo cha kidole kwa sababu hiyohiyo. Chungu chenye ufa kinajisema chenyewe.

Nilianza kugonga kitakoni, nikipanda. Tik, tik, tik, shibiri nzima, shibiri mbili. Chini kidogo ya ukosi wa mpira unaolinda shingo: pwa. Nikarudia. Pwa. Sentimita tatu hivi, urefu wa kipande cha kidole gumba. Juu yake tik, chini yake tik. Nikachora mistari miwili kwa kalamu ya wino, mwanzo na mwisho wa ule mlio.

Mjomba akatikisa kichwa. "Umeshakufa huo."

Na kwa mti angekuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini sikiliza kinachofanyika ndani ya sentimita hizo tatu, kwa sababu mimi hapo ndipo moyo uliponienda mbio!

Ufa wa kubandua unakula nishati ili usonge mbele. Maabara zinaipima kwa jaribio rahisi ajabu: utepe wa tabaka nyingi umeachwa wazi upande mmoja, unabandikwa bawaba mbili kwenye midomo yake, unafunguliwa kama kitabu, na mtu anapima nishati inayoliwa kwa kila eneo linalofunguka. Faiba ya epoksi ya kawaida inadai jouli 100 hadi 300 kwa mita ya mraba. Zile za plastiki ngumu ya PEEK zinadai zaidi ya 1,000. Kwa hiyo swali la maana mbele ya ufa ni kama pigo linalofuata litaweza kulipa bei ya sentimita nyingine. Na kuna namna kadhaa za kupandisha bei.

Namna ya kwanza imo kwenye gundi. Ndani ya epoksi ngumu unatia chembe ndogo za mpira, au za plastiki inayonyumbulika, na ufa unapofika kwenye kila chembe inabidi uivute, uinyooshe, uichane, upoteze nguvu. Nyuzi za kaboni za Toray zilizotumika kujengea Boeing 787 zinakuja zimelazwa kwenye resini yenye chembe za namna hiyo zilizopangwa mahususi kati ya tabaka na tabaka, pale hasa mbanduko unapopenda kupita. Karibu nusu ya uzito wa bodi ya ndege hiyo ni vitu vya jamii hii, na Air Tanzania ilipokea yake ya kwanza Julai 2018. Watu walikwenda uwanjani kupiga picha ya rangi na jina. Mimi ningetaka kuigonga kwa shilingi mia mbili.

Ya pili iko kwenye ngozi ya uzi wenyewe. Kioo na resini kwa asili hawapendani sana, na maji yakipenya katikati yao wanatengana kabisa. Hilo lina maana kubwa mahali penye mvua kama miteremko ya Nguru. Uzi wa kioo unapozaliwa kiwandani hupakwa mara moja dawa ya jamii ya sailani, ambayo molekuli yake ina mikono miwili: mmoja unashika kioo, wa pili unashika resini. Mipini ya bei rahisi sana mara nyingi inaharibikia hapa, na sokoni huwezi kupaona kwa macho.

Ya tatu ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa sababu niliiona uani. Gogo moja la mwembe lilikataa kuachana. Shoka liliingia hadi nusu, ufa ukafunguka upana wa vidole viwili, lakini mapande yakabaki yameshikana. Nikainama nikachungulia: nyuzi kadhaa nyembamba zilikuwa zimevuka kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, zimekaza kama nyaya za daraja. Nikazikata moja moja kwa panga, tak, tak, na ya mwisho ilipokatika gogo likajifungua lenyewe. Basi hizo nyuzi zinazovuka, wahandisi wanazililia. Uzi unaovuka ufa unavuta kingo zake zikaribiane, na ufa usipofunguka mdomo hauwezi kwenda mbali.

Kuzipata, watu wamefanya kila kitu. Wameshona tabaka kwa sindano kama godoro. Wamepigilia vijipini vidogo vya kaboni kupitia unene wote. Wamezungusha pembe ya kila tabaka hatua ndogo ndogo, kwa sababu tabaka mbili za pembe zinazopingana sana ndizo zinazobanduka mapana zikipigwa. Na mwisho wamefika mahali ambapo bibi zetu walikuwa siku nyingi: wamesuka. Ukitazama mkeka wa ukindu hakuna utepe unaoweza kuondoka peke yake. Kila mmoja umepita juu ya mwenzake na chini ya mwingine. Suka hivyo kwa kaboni, ila usisuke bapa tu, suka na unene wake, nyuzi zipande na kushuka kutoka tabaka la chini hadi la juu, kisha ndipo uingize resini. Hakuna tena tabaka la kubanduka. Mapanga ya feni ya injini ya LEAP yametengenezwa hivyo, 18 kwenye kila injini, na injini hizo ndizo zinazobeba Boeing 737 MAX 9 ya Air Tanzania iliyotua Dar es Salaam Oktoba 2023. Mkeka unaozunguka mbele ya injini na kumeza ndege wa angani bila kufumuka!

Na hao ndege wa angani wana historia chungu. Rolls-Royce, miaka ya mwisho ya 1960, waliamua kuipa injini yao mpya ya RB211 feni ya nyuzi za kaboni, wakaiita Hyfil. Ilikuwa nyepesi, ngumu, nzuri, miaka mingi mbele ya wengine. Mwaka 1970 wakafika kwenye jaribio ambalo kila injini hulifanya: unarusha ndege mfu kwenye feni inayozunguka kwa kasi. Mapanga yakasambaratika. Ikabidi warudi kwenye titani, gharama zikapanda, na Februari 1971 kampuni ile kubwa ikafilisika, serikali ya Uingereza ikaingia kuiokoa. Nyuzi zilikuwa na nguvu za kutosha. Kilichokosekana ni cha kuzishika pamoja ndani ya milisekunde zile za pigo. Ikapita robo karne kabla injini ya GE90 haijaingia kazini mwaka 1995 ikiwa na feni ya kaboni inayostahimili, yenye resini iliyotiwa ugumu wa kunyumbulika na ukingo wa titani mbele kupokea pigo. Mdogo wake, GEnx, ndiye anayebeba 787 za Kenya Airways.

Mpini wangu haujasukwa kwa unene wala hauna titani. Una kitu cha unyenyekevu zaidi: mashungi yaliyonyooka katikati, kuzunguka hayo mkeka mwembamba wa nyuzi zilizolala ovyo kila upande, kisha koti la plastiki na ukosi wa mpira shingoni. Ule mkeka wa ovyo ndio kifundo chake cha muwa. Na ni kioo wala si kaboni, kwa sababu nzuri: uzi wa kioo unarefuka karibu asilimia 4 kabla haujakatika, ule wa kaboni kama nusu ya hapo au chini yake. Kaboni ni ngumu zaidi. Lakini kwa kitu kinachopigwa kutwa, anayekubali kunyooka kidogo ndiye anayemeza pigo.

Nina malalamiko, na nayasema kwa upendo. Mpini huu ukifa umekufa. Kichwa kimegandishwa ndani kwa epoksi, hakuna kabari ya kugonga, wakati mpini wa mkole ukivunjika fundi anachonga mwingine kabla chai haijapoa. Jua nalo ni adui. Miaka iliyopita nilikuwa na nyundo ya faiba, niliiacha nje msimu mzima, koti lake likapauka na kupasuka, nyuzi zikachomoza. Niliishika bila kuangalia. Mikono iliniwasha siku tatu kama niliyepita kwenye upupu, na kila nilipoosha kwa maji ya moto ndivyo ilivyozidi. Kwa hiyo mpini huu unalala ndani, na siku utakapokatwa kwa msumeno, anayeukata afunge pua na mdomo. Kwa utulivu mikononi, mti mzuri uliokauka vizuri bado unakaribiana nao sana. Kwenye pigo la kukosea haukaribii hata kidogo.

Mchana wa siku ya pili. Mapigo mia mbili na zaidi yalikuwa yameshapita tangu nilipochora mistari ile, ya kawaida na ya kukosea, kwenye mjohoro, mwembe na shina moja la mwarobaini lililonivunja mgongo. Nikaketi kwenye gogo, shoka magotini, sarafu mkononi. Mjomba akasogeza kigoda. Shangazi akazima redio.

Tik. Tik. Tik. Nikafika mstari wa chini. Pwa. Nikapita katikati, pwa, pwa. Mstari wa juu. Tik.

Nikarudia kutoka juu kwenda chini, polepole zaidi, nikishikilia pumzi. Mlio ulibadilika palepale kwenye wino, na ulirudi palepale kwenye wino. Haukuwa umesogea hata upana wa unyasi. Ufa ulizaliwa jana saa tano, na mapigo yote yale hayakuweza kuulipia nauli ya kuvuka mstari.

Mjomba akaniomba sarafu. Akagonga mwenyewe, kichwa amekiinamisha, sikio karibu liguse mpini, mara tatu kwenda na kurudi. Halafu akachukua ile kalamu, akaandika tarehe kwa herufi ndogo kando ya mstari wa juu, akaliingiza shoka ndani, nyuma ya mlango, jua lisipofika.

"Msimu wa kuvuna ukiisha," akasema, "njoo tuligonge tena."